Kitalu namba 5: mafuta ya Virunga yalivyobaki chini, na nani alibaki bila kusikilizwa

Mwaka 2013 kampuni ya Total ya Ufaransa ilitangaza kwamba haitatafuta mafuta ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Kampuni hiyohiyo saa hizi iko ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, Uganda, inachoronga visima, na mafuta yake ndo hayo yanayosubiriwa kule Chongoleani, Tanga, kupitia bomba la kilomita 1,443. Hifadhi zote mbili ziko kwenye bonde moja la ufa na maji yao yanakutana Ziwa Albert. Sasa moja imeponaje na nyingine imeliwaje? Ukiuliza watu wengi watakwambia gorila, dunia iliwaonea huruma gorila wa milimani. Mimi baada ya kuifuatilia hii stori naona gorila walikuwa kwenye mabango tu, kazi yenyewe ilifanywa na vitu vingine kabisa, na ndo maana nimeona tukichambue hiki kisa mwanzo mwisho.

Angalizo kabla sijaanza: wavuvi, askari wa kawaida wa hifadhi na maofisa wadogo walio ndani ya kisa hiki siwataji majina wala mwalo wanaotoka, maana wengi bado wanaishi hukohuko na hali ya huko mnaijua. Waliotajwa ni kampuni, serikali, mashirika na watu ambao mambo yao yalishatangazwa zamani.

Hali ilivyokuwa

Virunga ndo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika, Wabelgiji waliianzisha 1925 wakaiita Albert kwa jina la mfalme wao. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 7,800, nusu ya Serengeti na kidogo juu yake, lakini ndani ya hiyo nusu umewekewa kila kitu: volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, gorila kwenye milima ya kusini, barafu ya Rwenzori kaskazini, na katikati Ziwa Edward na nyanda zake. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1979, halafu 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari Rwanda na wakimbizi kumiminika Goma, ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na haijatoka mpaka leo.

Ziwa Edward ndo kiini cha hiki kisa kwa hiyo nikae hapo kidogo. Theluthi mbili ya ziwa iko Kongo, iliyobaki iko Uganda inapakana na hifadhi ya Queen Elizabeth. Upande wa Kongo kuna mialo inayotambulika kisheria ndani ya hifadhi, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, watu wanaishi pale na kuvua tilapia, wanaoa, wanazika, watoto wanasoma. Zaidi ya hiyo kuna mialo mingine mingi iliyoota yenyewe wakati wa vita, na kila mwalo una mwenye bunduki anayedai chake, leo mwanajeshi kesho mwanamgambo wa Mai-Mai. Viboko wa eneo hili miaka ya 1970 walikuwa karibu 30,000, kufika katikati ya miaka ya 2000 walikuwa hawafiki hata 1,000, wameuawa kwa ajili ya nyama na meno. Na kinyesi cha kiboko ndo kinarutubisha maji yanayolisha samaki, kwa hiyo viboko walivyopungua na nyavu zikaanza kurudi nyepesi. Hii naisema mapema kwa sababu watu wanapenda kusimulia kana kwamba ziwa lilikuwa peponi halafu mzungu wa mafuta akatokea. Hapana. Ziwa lilikuwa linaumwa tayari.

Halafu 2006 Uganda wakapata mafuta pembeni ya Ziwa Albert, ya maana kabisa. Miamba ni ileile inashuka kusini mpaka Edward. Kinshasa nao wakaanza kuchora vitalu, yaani maeneo ya kutafutia mafuta. Desemba 2007 ukasainiwa mkataba wa kitalu namba 5, na Juni 2010 rais akautilia nguvu kwa amri. Waliopewa ni SOCO International ya London, Dominion Petroleum, na kampuni ya serikali Cohydro. Ukijumlisha vitalu vyote vilivyochorwa pale, karibu asilimia 85 ya hifadhi ilikuwa imeshagawiwa kwenye karatasi. Total walikuja kuingia kitalu namba 3 mwaka 2011, hicho kiligusa upande wa kaskazini.

Na muda wote huo sheria ya uhifadhi ya Kongo ya 1969 ilikuwa inakataza shughuli za namna hii ndani ya hifadhi. Serikali ileile ina sheria inayokataza na mkataba unaoruhusu, wizara ya mazingira inavuta huku na ya mafuta inavuta kule. Tuliokulia nchi zetu hizi hatushangai.

Kilichotokea

Machi 2011 waziri wa mazingira, José Endundo, aliikataa tathmini ya athari kwa mazingira waliyopeleka SOCO, akasimamisha shughuli mpaka ifanyike tathmini ya kimkakati ya eneo zima ambayo Umoja wa Ulaya ungelipia. Watu wakapumua. Lakini mwaka haujaisha kikatoka kibali cha utafiti wa angani, ndege inapita juu inapima miamba, kwa hoja kwamba ndege haigusi ardhi, haiharibu kitu. Hapo ndo utaona mchezo unavyochezwa, mlango haufunguliwi wote kwa pamoja, unasukumwa taratibu na kila hatua inaitwa utafiti tu.

2012 vita vya M23. Rutshuru ikachukuliwa, Novemba Goma nayo ikaanguka kwa siku kadhaa, na makao makuu ya hifadhi pale Rumangabo yakajikuta ndani ya eneo la waasi. Mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, Mbelgiji aliyeshika nafasi hiyo tangu 2008, alibaki na watu wake. Mambo ya mafuta yakalala. Ila Septemba mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilitamka wazi kwamba inapinga utafutaji mafuta Virunga, na hii ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana maana kampuni yenyewe ni ya London.

2013 ndo mambo yakaiva. Total wakatoa ahadi yao. Shirika la uhifadhi la WWF likatoa ripoti ya uchumi ikisema Virunga kwa wakati ule ilikuwa na thamani ya karibu dola milioni 49 kwa mwaka, na kama kungekuwa na amani na uwekezaji ingeweza kufika zaidi ya dola bilioni 1.1 na ajira 45,000. Septemba, mhifadhi mmoja aliyekuwa anasimamia sekta ya kati, huyu alikuwa amezuia ujenzi wa mnara wa kampuni kando ya ziwa, alikamatwa na watu wa usalama na kuteswa, alipotoka akarudi kazini. Oktoba WWF wakapeleka malalamiko London, kwenye ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia miongozo ya OECD (jumuiya ya nchi tajiri) kwa makampuni ya kimataifa. Novemba M23 wakashindwa, barabara zikafunguka, na kampuni nayo ikaona sasa kazi inaweza kuendelea.

Aprili 2014 ukaanza utafiti wa mitetemo ndani ya ziwa lenyewe. Kwa asiyejua, boti inapiga mawimbi kwa hewa iliyobanwa, mawimbi yanashuka chini ya ziwa yanagonga miamba na kurudi, vifaa vinarekodi, wataalamu wanachora picha ya kilichoko chini. Wavuvi wanaambiwa wakae mbali na njia za boti. Tarehe 15 mwezi huohuo de Merode alikuwa anarudi kutoka Goma, asubuhi alikuwa amempelekea mwendesha mashtaka jalada la ushahidi kuhusu shughuli za SOCO ndani ya hifadhi, njiani kuelekea Rumangabo akashambuliwa kwa risasi, akapigwa kifuani na tumboni. Alipona. Kampuni ililaani shambulio na kukanusha kuhusika kwa namna yoyote, na nadhani ni haki kuisema hiyo hapahapa, kwa sababu mitandaoni watu wameshahukumu zamani.

Juni 11, 2014, siku hamsini na kitu baadaye, SOCO na WWF wakatoa tamko la pamoja. Kampuni haitachoronga kisima chochote ndani ya Virunga, isipokuwa kama UNESCO na serikali ya Kongo wakikubaliana kwamba shughuli hiyo haipingani na hadhi ya urithi wa dunia. WWF wakaondoa malalamiko. Utafiti wa ziwani ukaachwa umalizike kwanza, nao ukaisha katikati ya mwaka huo.

Mwaka uliofuata serikali, kupitia waziri mkuu wake, ikaanza kuzungumzia kuongea na UNESCO kuhusu kubadilisha mipaka ya hifadhi. Juni 2015 shirika la Global Witness likaonyesha hundi za SOCO, zaidi ya dola 42,000 ndani ya wiki chache za 2014, kwenda kwa ofisa wa jeshi aliyekuwa akituhumiwa kutisha wapinzani wa mradi. Kampuni ikakataa kwamba imehonga mtu. Julai Kanisa la Uingereza likauza hisa zake zote za SOCO. Agosti Kongo ikapitisha sheria mpya ya mafuta. Na kabla mwaka haujakatika SOCO wakasema kitalu hawana tena. Baadaye, 2019, kampuni ikabadili jina, ikaitwa Pharos Energy.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Kampuni iliamua mapema kujibana kwenye ziwa na nyanda. Ilirudia mara nyingi kwamba haitaingia makazi ya gorila, wala kwenye volkano, wala kwenye msitu wa mvua. Na kusema kweli hapo hawakudanganya, gorila wako mbali na Edward. Ulikuwa uamuzi wa akili, ukishajua mpinzani wako anapigana kwa picha ya gorila we unasogea pale ambapo picha haifiki. Sambamba na hilo wakafanya miradi ya kijamii, mambo ya barabara na mawasiliano, na vijana wengi wa mialo wakawapokea vizuri tu. Mtu aliyekaa miaka yote anaona hifadhi kama askari wa kumnyang'anya nyavu, leo anakuja mtu na barabara, unategemea achague nini?

Uongozi wa hifadhi uliamua kuchukua suala hili kama kesi ya jinai. Wengine wangepiga kelele kwenye makongamano, wao wakakusanya ushahidi: nani kalipwa, nani katishwa, nani kaingia wapi bila kibali. Sababu iko wazi, sheria ya 1969 ilikuwa upande wao, na mkuu wa hifadhi ni mtumishi wa serikali ya Kongo, hana nafasi ya kuikosoa serikali hadharani lakini ana wajibu wa kuripoti uvunjaji wa sheria ndani ya eneo lake. Gharama ya uamuzi huo tumeiona.

WWF waliamua kwenda London badala ya mahakama za Kongo. Wengi waliwalaumu, kwamba ofisi ile ya OECD haina meno, haitozi faini, haimfungi mtu. Ni kweli. Lakini kampuni iliyoko kwenye soko la hisa ina kitu inachokiogopa kuliko faini, nacho ni mwenye hisa anayeuliza maswali. Malalamiko yakishapokelewa rasmi na ofisi ya serikali ya Uingereza, kila mfuko wa pensheni na kila kanisa lenye hisa linabidi liwe na jibu.

Serikali ya Kongo iliamua kutoamua. Ikisimamisha inaruhusu, ikiruhusu inasimamisha. Watu wanaona ni udhaifu, mi naona kulikuwa na hesabu ndani yake: ukikataa moja kwa moja unapoteza mafuta, ukikubali moja kwa moja unapoteza wafadhili, ukikaa katikati kila upande unaendelea kukubembeleza.

Ikaishia wapi

Hakuna kisima hata kimoja kilichochorongwa Ziwa Edward upande wa Kongo. Mafuta kama yapo, yapo. Matokeo ya mitetemo yalikwenda serikalini. Uganda nao 2015 waliweka kitalu cha Ngaji, upande wao wa ziwa hilohilo, kwenye mnada wao wa kwanza, na raundi ile hakikupata mwenyewe.

Hifadhi iliendelea na njia yake nyingine, umeme wa maji. Kituo kidogo cha Mutwanga kilianza 2013, cha Matebe karibu na Rutshuru chenye megawati kama 13 kikazinduliwa Desemba 2015, na Goma ikaanza kupata umeme wa hifadhi. (Baadaye umeme wa kituo kingine, Luviro, ambao ulikosa wateja wa kutosha ukaenda kuendesha kompyuta za kuchimba bitcoin msituni. Sijui mfalme Albert angesema nini.) Utalii wenyewe ulipata kipigo baada ya kipigo: 2018 watalii wawili wa Uingereza walitekwa na askari wa kike wa hifadhi akauawa, hifadhi ikafungwa miezi mingi, Aprili 2020 askari 12 wa hifadhi waliuawa siku moja karibu na Rumangabo, halafu M23 wakarudi, na Januari 2025 Goma ikaanguka tena.

Na mafuta yakarudi mezani. Julai 2022 Kinshasa ilizindua mnada wa vitalu 30, vya mafuta 27 na vya gesi 3, baadhi vikigusa Virunga tena. Oktoba 2024 mnada wa vile 27 ukafutwa, zabuni za maana hazikupatikana. 2025 wakatangaza vitalu vingine 52, safari hii kwenye bonde la katikati la mto Kongo, kwenye matope ya mboji yaliyoshika kaboni nyingi ajabu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Turudi kwenye swali la Total. Ahadi yao ya 2013 ilihusu Virunga kwa kuwa Virunga ni urithi wa dunia. Makampuni makubwa ya uziduaji yalishaanza kujifunga hivyo tangu 2003, Shell walikuwa wa kwanza kwenye mafuta, kwamba maeneo ya urithi wa dunia hatugusi. Murchison Falls haimo kwenye orodha hiyo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1952, delta yake inatambulika na mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, ina simba na twiga na viboko, haina muhuri wa UNESCO. Kwa hiyo mradi wa Tilenga, ndo huo wa Total kule Murchison, una visima zaidi ya 400 kwenye maeneo 31, na 10 ya hayo maeneo yako ndani ya hifadhi. Mnyama hana tofauti, ziwa halina tofauti, kampuni ni moja, kilichotofautiana ni aina ya karatasi. Mtu anayetaka kutetea eneo lake akijua hili mapema atatumia nguvu zake pengine kabisa, atahangaika na orodha na mikataba kabla ya kuhangaika na picha za wanyama.

Cha pili ni ukubwa wa kampuni. SOCO ilikuwa ndogo, ina wenye hisa wanaosomeka, jina lake lingeweza kuchafuliwa kwa kisa kimoja. Kampuni kubwa yenye miradi nchi mia inameza kelele za namna hiyo, na kampuni ambayo haiko kwenye soko la hisa, ya mtu binafsi au ya serikali fulani ya mbali, haisikii kabisa. Kwa hiyo nawaambia wanaharakati wanaotaka kunakili kampeni ya Virunga kama ilivyo, angalieni kwanza mnapigana na nani. CNOOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya China iliyoko Kingfisher, Uganda, huwezi kuipelekea askofu wa Canterbury.

Na ushahidi. Kelele za nje zilipata nguvu kwa sababu kulikuwa na watu wa ndani waliokuwa wanaandika tarehe na majina na kiasi cha pesa. Bila wale askari na wakazi wa mialo kukubali kuongea, malalamiko ya London yangekuwa barua nyingine ya wazungu wanaopenda wanyama. Hapa kuna jambo linaniuma, waliobeba hatari ni wa huku na waliopanda jukwaani kupewa maua wengi walikuwa wa kule, ingawa kuna wachache wa huku nao walitambuliwa.

Kilichofeli

Lile neno "isipokuwa". Sherehe za Juni 2014 zilifanyika watu hawajasoma sentensi mpaka mwisho. Kampuni haikusema haitachoronga, ilisema haitachoronga mpaka UNESCO na Kinshasa wakubaliane, na njia ya kukubaliana ilikuwa imeshapita mtu: Tanzania, 2012. Mgodi wa urani wa mto Mkuju ulikuwa ndani ya Selous, serikali yetu ikaomba mpaka usogezwe, kamati ya urithi wa dunia ikakubali, kipande cha chini ya asilimia 1 kikakatwa na urani ikawa nje ya hifadhi bila kusogea hata hatua. Waziri mkuu wa Kongo alipoanza kuongelea mipaka 2015 hakuwa anaota ndoto, alikuwa anasoma mfano uliopo jirani. Linganisha na Total waliosema mipaka ya sasa, yaani ukikata ramani kesho ahadi bado inahesabu ramani ya leo. Wanaoandika ahadi kama hizi wajifunze hapo.

Muda nao. Tamko lilikuja wakati boti zinakaribia kumaliza kazi. Kilichozuiwa ni hatua ya baadaye, hatua iliyokuwa inaendelea ikaachwa imalizike, na hatua hiyo ndo iliyozaa data. Data haina kutu, serikali inaweza kuitoa kabatini miaka ishirini ijayo.

Halafu gorila. Kampeni ya kimataifa ilihitaji uso na gorila wana uso mzuri, naelewa. Lakini hatari halisi ilikuwa maji. Maji ya Edward yanatoka kupitia mto Semliki, Semliki inaingia Albert, Albert inaingia Nile, mafuta yakimwagika pale hayaombi viza. Walioko mstari wa mbele ni wanaokunywa na kuvua mle, na hao kwenye mazungumzo ya 2013 na 2014 hawakuwa na kiti. Mezani kulikuwa na kampuni ya London na shirika la kimataifa, mpatanishi ni serikali ya Uingereza. Siwezi kusema wavuvi wangekataa mafuta wote, wengine wangekubali, na pengine hiyo ndo sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwauliza.

Na hapa lazima nisimame na hoja ya upande wa mafuta, maana si hoja ya kipuuzi. Kinshasa wanasema, nyie mlichimba yenu mkatajirika, leo mnatuambia tulinde hewa yenu kwa njaa yetu, basi tulipeni. Ecuador walijaribu hilo na Yasuní, 2007 wakaomba dunia iwape dola bilioni 3.6 waache mafuta chini, zikaingia kama milioni 13 tu, 2013 rais Correa akavunja mpango na 2016 wakaanza kutoa mafuta. Wananchi wenyewe ndo walikuja kupiga kura ya kusimamisha, Agosti 2023, asilimia 59. Kwa hiyo anayesema dunia italipa, aonyeshe risiti.

Ila hoja ya njaa ina tundu lake. Kongo si nchi ngeni kwa mafuta, yanatoka Muanda, pwani ya Atlantiki, tangu miaka ya 1970. Nusu karne. Nenda Muanda uulize barabara, maji, hospitali. Kama mapipa ya Muanda hayajaivusha Muanda, mvuvi wa Vitshumbi aliyezungukwa na makundi yenye silaha angepata mgao kwa njia gani? Bomba la mafuta katikati ya Mai-Mai, FDLR na M23 ni kituo kingine cha kodi ya bunduki, hilo halihitaji utafiti.

Upande wa uhifadhi nao hawana cha kujivunia sana kwenye hela. Zile bilioni 1.1 zilikuwa makadirio ya Virunga yenye amani, na amani haikuja. Umeme umesaidia Goma na Rutshuru zaidi kuliko mialo. Kwa mvuvi, mwaka 2015 alishinda nani? Barabara aliyoahidiwa na kampuni iliondoka na kampuni, na askari wa hifadhi bado anakagua matundu ya nyavu yake.

Kilichobaki wazi ni sheria ya Agosti 2015. Inakataza shughuli za mafuta kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, halafu inaipa serikali nafasi ya kuliondolea eneo hadhi ya hifadhi kwa sababu za manufaa ya umma. Manufaa ya umma yanaamuliwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ziwani. Anayetaka kufanya kazi ya maana kabla ya mnada unaofuata aanzie kwenye kifungu hicho, na safari hii viongozi wa mialo wawemo chumbani kinapojadiliwa, hata kama watasema wasiyotaka kuyasikia wenye kampeni.